Bima ya gari la marehemu baba

"Mwenye gari yuko wapi?"

Swali lenyewe halikuwa gumu. Askari wa usalama barabarani aliliuliza kwa upole, kalamu mkononi, pale Pongwe kwenye barabara ya kwenda Muheza. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye jiwe, mikono inamtetemeka, hawezi kusema. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nashuka kwenye daladala kutoka Tanga mjini, nikamjibu mimi: "Ni baba yetu. Tumemzika siku ishirini na tatu zilizopita."

Askari akanipa pole. Kabla sijafika alikuwa ameshaingiza namba ya gari kwenye simu akakuta bima iko hai, bima kubwa, ile inayolinda na gari lenyewe, inaisha Mei 2023. Mfumo unasoma tarehe. Habari za msiba wetu haukuwa nazo, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amezipeleka.

Baba alifariki mwanzoni mwa Agosti 2022. Alikuwa mwalimu mstaafu, na Toyota Noah yake aliitunza kama mtu anavyotunza ng'ombe wa maziwa. Ndani ya gari kulikuwa na daftari la kaunta ambamo aliandika kila kitu: oili imebadilishwa lini, tairi limenunuliwa kwa nani, bima imelipwa kiasi gani. Ukurasa wa mwezi Mei umeandikwa kwa mkono wake: thamani ya gari milioni 12, asilimia tatu na nusu ni 420,000, kodi ya ongezeko la thamani 75,600, jumla 495,600. Chini yake ameandika, "Alhamdulillah, mwaka mwingine." Pensheni yake haikuwa kubwa, na angeweza kukata bima ndogo, inayolinda watu wengine tu, kwa 118,000 akabakiwa na fedha yake. Alichagua kubwa kwa sababu gari lilikuwa linabeba watu wake.

Baada ya mazishi gari halikupumzika. Msiba una kazi nyingi: kuwapeleka shangazi zetu stendi ya Kange, kufuata maji, kurudisha masufuria ya watu, kuleta mchele. Funguo zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari mlangoni, mwenye haja anachukua. Hakuna aliyemwomba mtu ruhusa, kwa kuwa aliyekuwa akiombwa ruhusa hayupo. Siku ya ishirini na tatu mdogo wangu akaenda Muheza kuchukua magunia mawili ya mchele wa arobaini. Akirudi, akalipita lori la katani lililokuwa linakwenda taratibu. Kijana wa bodaboda alikuwa anatoka njia ya pembeni. Bampa, boneti na taa ya kushoto vikaharibika. Yule kijana akavunjika mguu chini ya goti.

Mimi nilidhani bima ni ya gari. Ndivyo tunavyosema mtaani: gari lina bima, gari halina bima. Kumbe mkataba ni wa mtu. Aliyekubaliana na kampuni ni baba, na kwenye karatasi zake kuna sentensi ambayo sikuwahi kuisoma mpaka siku ile, kwamba gari linaweza kuendeshwa na dereva yeyote mwenye leseni halali "kwa idhini ya mwenye bima". Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi usiku ule sebuleni, mama akiwa chumbani kwenye eda yake. Idhini ya mwenye bima. Maiti hatoi idhini. Tangu saa ile alipokata roho, kila mtu aliyechukua funguo kwenye ule msumari alikuwa ameondoka bila idhini ya mtu yeyote ambaye kampuni inamtambua.

Mwenye bima akifariki kuna mambo mawili tofauti, na mimi niliyachanganya. Mikataba mingi ina kifungu kinachowalinda wawakilishi wa marehemu dhidi ya madai ya ajali iliyotokea akiwa hai. Baba angegonga mtu tarehe moja akafariki tarehe tano, dai lile lingeendelea, wenye mirathi wakasimama mahali pake. Ajali iliyotokea baada ya kifo ni habari nyingine. Hapo kampuni inauliza: gari lilikuwa mikononi mwa nani, kwa haki gani?

Wakala wa baba alikuja nyumbani siku ya pili. Ni kijana mstaarabu, ndiye aliyekuwa akimkatia bima miaka yote. Alikaa mkekani, akatupa pole kwanza, halafu akatoa fomu ya kutoa taarifa ya ajali. Juu kabisa: jina la mwenye bima. Chini kabisa: saini ya mwenye bima.

Baba mdogo akasema, "Andika jina la kaka, weka saini. Saini yake unaijua. Nani atakwenda kuchimbua?"

Alisema hivyo kwa huruma. Alikuwa anamwona mdogo wangu hali wala halali. Na nakiri kuwa saini ya baba naijua, niliiona kwenye ripoti zangu za shule miaka yote. Lakini tarehe ya ajali ilikuwa kwenye karatasi ya polisi, tarehe ya kifo ilikuwa inakwenda kuandikwa kwenye cheti cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vifo, na karatasi hizo mbili zingekutana tu mezani kwa mtu. Uongo kwenye fomu ya bima unaua dai zima, hata sehemu iliyokuwa ya haki. Zaidi ya hapo, sikutaka jambo la mwisho kuandikwa kwa jina la baba liwe la kughushi. Nikamwambia wakala, "Kaka, tuandike ukweli." Akaandika: mwenye bima, marehemu. Anayetoa taarifa, binti yake. Nikasaini jina langu.

Kuna jambo jingine alitueleza siku hiyo, nalo lilituuma. Mkataba unakataza kukiri kosa au kumlipa aliyeumia bila kampuni kukubali kwa maandishi. Sisi tulikuwa tumeshapanga kwenda kwa wazazi wa yule kijana jioni ile ile. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtoto wa watu amelazwa hospitali ya Bombo, mguu kwenye plasta, na aliyemgonga ni mwanao. Huwezi kukaa nyumbani ukisubiri barua ya kampuni. Tulikwenda. Tulichukua mchele, sukari, mafuta na fedha ya matumizi ya wiki. Baba mdogo alizungumza kwa adabu sana, akasema huu ni mkono wa pole, fidia itapita njia yake. Hatukuandikiana karatasi yoyote. Mama yake yule kijana alilia, akamshika mdogo wangu kichwani, akamwambia, "Na wewe una msiba, mwanangu." Leo ningekwenda tena vile vile. Ila neno "fidia" nisingeacha litamkwe, na karatasi nisingesaini, hata mjumbe akija nayo.

Kampuni ilichukua zaidi ya miezi miwili kutujibu. Ukipiga simu unaambiwa faili liko kwa mtu mwingine. Barua ilipokuja ilikuwa ya ukurasa mmoja. Upande wa majeruhi watashughulikia, kwa kuwa bima ya kuwalinda watu wengine ni ya lazima kisheria na aliyeumia hana kosa katika habari za kifo cha mwenye gari. Upande wa uharibifu wa gari letu, hapana: wakati wa ajali mwenye bima alikuwa amefariki, hakuna msimamizi wa mirathi aliyekuwa ameteuliwa, na kampuni ilikuwa haijaarifiwa.

Mpaka leo naamini walikuwa wakali kupita kiasi. Fedha ya mwaka mzima ilikuwa imelipwa, gari ni lile lile, familia ni ile ile, na dereva ana leseni. Ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, inayosikiliza malalamiko ya wateja dhidi ya kampuni. Sikwenda. Nilikuwa nimechoka, na mama alisema hataki kugombania mali ya marehemu. Ninajuta. Ukipata barua kama ile, ipeleke huko kabla hasira haijageuka uchovu.

Kwa hiyo gari likatengenezwa kwa fedha yetu, na hapo ndipo likazuka swali ambalo sikulitegemea: kwa fedha ya nani? Baba mdogo alitaka zitolewe kwenye akiba ya marehemu, kwa sababu gari ni la marehemu. Tukamwita sheikh wa msikiti wetu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ajali ilitokea lini. Tulipomwambia, akasema deni la marehemu ni lile alilolifanya mwenyewe akiwa hai, na hilo hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Hili limefanyika yeye yuko kaburini. Tena, akasema, tangu alipofariki gari hili lina haki za warithi ndani yake. Mama ana thumuni yake, sehemu moja ya nane. Thumuni ya milioni 12 ni milioni moja na nusu. Aliyeligonga amegonga na milioni moja na nusu ya mama yake.

Mdogo wangu alikuwa amekaa mlangoni. Sijui kama sheikh alikusudia maneno yale yamfike vile, lakini yalimfika. Wiki iliyofuata akaenda gereji mwenyewe, akakubaliana na fundi, akalipa kidogo kidogo mpaka Januari. Mama alishasamehe, dada yetu alishasamehe, lakini alikataa kuacha. Nilimheshimu kwa hilo kuliko jambo lolote alilowahi kufanya.

Huku nyuma mimi nilikuwa nahangaika na mahakama. Kikao cha familia kilinipendekeza niwe msimamizi wa mirathi, muhtasari ukaandikwa na kila mtu akasaini. Tukachukua barua serikali ya mtaa, nikajaza fomu namba moja Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa. Kilichotuchelewesha ni herufi moja. Kwenye kadi ya gari jina la babu yetu linaishia na "i", kwenye cheti cha kifo linaishia na "y". Karani akasema kwa taratibu, "Dada, hawa kwa karatasi ni watu wawili." Ikabidi niape kiapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Nikarudi nyumbani nikatoa kila karatasi ya baba, nikazipanga kitandani: kadi ya gari, mkataba wa bima, kitabu cha benki, hati ya nyumba, kitambulisho cha taifa. Majina matano, tahajia tatu. Nakuomba, wazazi wako wakiwa hai, kaa nao siku moja mlinganishe majina. Akiwepo mwenyewe linarekebishika. Akishaondoka, kila herufi ni safari.

Uteuzi ulitoka Novemba. Kuanzia tarehe ya uteuzi, msimamizi ana miezi minne ya kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni, fomu namba tano, na hesabu ya ugawaji huja baadaye kwenye fomu namba sita. Gari linaingia kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana gari la mirathi lisilo na kinga ni jambo zito: likiungua au likiibwa, msimamizi ndiye atakayeulizwa na warithi.

Siku niliyopata fomu ya uteuzi sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja ofisi ya bima nikiwa na nakala yake na cheti cha kifo. Nikaomba mkataba uandikwe upya kwa jina langu kama msimamizi wa mirathi ya marehemu, na madereva watajwe kwa majina. Wao huita endosimenti, karatasi ya nyongeza inayobandikwa kwenye mkataba uliopo. Ilichukua siku tatu. Siku tatu! Nilipoishika nilikaa kwenye benchi la nje nikaangalia barabara. Ajali imeshatokea, na kumbe karatasi ya kuizuia isituumize ilikuwa ni hii, na kilichokosekana Agosti ni mtu wa kwenda kusema baba amefariki.

Maana Agosti uteuzi tusingekuwa nao, hilo ni kweli, lakini barua tungeweza kuandika. Nimewaandikia majirani wawili barua hiyo tangu wakati ule, na haizidi mistari mitano. Tunawaarifu kwamba fulani, mwenye mkataba namba kadhaa, gari namba kadhaa, alifariki tarehe fulani. Gari limeegeshwa nyumbani kwake. Tunaomba mtujulishe kwa maandishi kama kinga inaendelea, kwa masharti gani, na nani anaruhusiwa kuliendesha mpaka msimamizi wa mirathi atakapoteuliwa. Unaambatanisha nakala ya kibali cha mazishi kama cheti bado. Unapeleka nakala mbili, moja inapigwa mhuri wa kupokelewa, unarudi nayo. Mpaka jibu lije, gari lisitoke uani, hata kama mchele uko Muheza na watu wa arobaini ni mia mbili. Kodi Bajaji.

Habari ya jirani mmoja kati ya hao wawili ilinishtua kuliko hata ya kwetu. Mumewe alifariki miaka minne nyuma, na kila mwaka mtoto wao amekuwa akikata bima ndogo kwa jina la baba yake. Wakala anaulizia namba ya gari tu, fedha inalipwa kwa simu, maisha yanaendelea. Nilimwuliza, "Mama, aliyefunga mkataba mwaka huu ni nani?" Akanitajia jina la mumewe. Hakumaliza kulitaja akanyamaza. Mtu aliyekufa hafungi mkataba mpya. Na gari hilo linapeleka watoto shule kila asubuhi. Nilimsindikiza mwenyewe mahakamani wiki ile.

Kwetu, warithi walikubaliana gari lichukuliwe na kaka yetu mkubwa anayeishi Korogwe, fungu lake kwenye nyumba likapunguzwa kwa kiasi hicho. Februari 2023 tukahamisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato: fomu ya uteuzi, cheti cha kifo, kadi halisi ya gari, TIN ya kaka, yaani namba yake ya mlipakodi, na ada zao. Hapa pia kidogo tuteleze. Kaka alitaka amalizie muda wa bima uliobaki mpaka Mei, fedha isipotee. Lakini kadi ikishasoma jina lake, mirathi haina tena maslahi kwenye lile gari, na bima iliyo kwa jina la mirathi inabaki inalinda kitu ambacho si chake. Wakala akatushauri bima mpya ya kaka ianze siku ile ile ya kuhamisha, ya zamani ndiyo ifuate kufutwa, pasipatikane hata usiku mmoja katikati. Tulirudishiwa sehemu ndogo ya fedha. Punguzo la baba la miaka yote ya kutodai chochote halikumfuata kaka, yeye alianza upya kama mteja mgeni.

Lakini kabla ya hapo, katikati ya Desemba, mama alimaliza eda. Miezi minne na siku kumi hajatoka nje ya ua. Alitaka aende kwanza makaburini, kisha ampitie yule kijana wa bodaboda, aliyekuwa ameanza kutembea kwa mkongojo mmoja. Gari lilikuwa limerudi kutoka gereji, boneti jipya, rangi yake imekoza kuliko ya mwilini. Mdogo wangu akafungua mlango wa mbele. Mama akasimama, amejifunga kanga mpya aliyoletewa na wifi zake, mkono umeshika mlango, hapandi.

"Hii bima sasa imeandikwa nani?" akaniuliza.

Nikampa ile karatasi. Hakuwa na miwani, akanirudishia nimsomee. Nikamsomea jina langu, kisha jina la baba, kisha majina ya madereva wawili. Aliposikia la mdogo wangu limo, akapanda, akavuta mkanda, akamwambia twende polepole.